Maswali Yenu: Tukishawafikisha watoto msituni, tufanye nini?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Sisi ni kikundi cha watu 14 tunaojitolea katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Chamwino. Wengi ni akina mama, wapo vijana wanne wa bodaboda na wazee wawili waliowahi kuwa walinzi wa msitu. Kijiji chetu kilitenga kilima chenye vichaka na mibuyu kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji. Tangu mwaka jana, kila Jumamosi ya pili ya mwezi, tunawachukua watoto wa darasa la nne na la tano tunapanda nao kilimani. Matatizo ni mawili. Kwanza, tukishafika hatujui cha kufanya. Tunawaonyesha miti, tunawaambia wasikate, wanacheza, wanamwagilia miche, tunarudi. Safari ya tatu nusu yao hawakuja. Pili, kwenye kikao cha wazazi baba mmoja alisimama akasema, "Tulichangishwa matofali ili watoto watoke chini ya mti. Leo mnawarudisha chini ya mti, tena kubeba maji?" Watu wakampigia makofi. Tuliumia sana. Tufanyeje?
Mama wa kikundi, Chamwino

JIBU: Marahaba mwanangu, na mbukwenyi nyote 14.

Nianze na huyo baba, kwa sababu makofi aliyopigiwa yana historia, na mkiipuuza kazi yenu haitafika mbali. Wazazi wengi wa leo walisomea chini ya mkwaju kwa kuwa darasa halikuwepo. Waliandikia mapajani, mvua ikinyesha masomo yameisha. Tena huko nje ndiko kulikokuwa kwenye adhabu. Mimi ni mzaliwa wa Kondoa. Nikiwa darasa la sita nilichelewa namba, nikapewa kisiki nikakingoe. Nilikichimba siku tatu kwa jembe lenye mpini uliolegea, viganja vikatoka malengelenge. Siku ya tatu, nimeshafika kwenye mzizi mkuu, nikaona ubavuni mwa kisiki machipukizi mawili ya kijani, mororo, urefu wa kidole. Kile kisiki kilikuwa hai. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba jambo hilo lina maana yoyote. Nikayakata kwa jembe kama nilivyoagizwa, mwalimu wa zamu akaja, akaangalia shimo, akaniruhusu kurudi darasani. Nimefundisha miaka 33, Kondoa na baadaye hapa Mpwapwa hadi nilipostaafu kwa hiari, na sijawahi kumpa mtoto kisiki.

Kwa hiyo baba yule akimwona mwanawe na ndoo kichwani, anachokiona ni kisiki kama changu. Ana haki. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 alitaka shamba la shule liwe mahali ambapo wanafunzi wanapanga, wanafanya, wanaona matokeo na kujirekebisha. Shule nyingi zilibaki na jembe, hayo mengine yakasahaulika. Acheni kabisa kuwabebesha watoto maji. Miche ya kijiji mwagilieni wenyewe watu wazima, Ijumaa jioni, watoto hawajafika. Halafu rudini kwenye kikao cha wazazi mkaseme hivyo mbele ya watu wote, bila kujitetea.

Sasa hili la kutojua cha kufanya. Naona kosa lenu liko hapa: mnawapitisha watoto kwenye msitu mzima. Huu mti fulani, ule fulani, msikate, twendeni. Mtoto wa miaka kumi akishaambiwa "usikate" safari mbili, ya tatu anafuata nini? Mpeni kila mtoto mti mmoja, awe nao mwaka mzima. Wakiwa wengi, watoto wawili mti mmoja. Aufunge kipande cha kitambaa autambue, auchore kwenye daftari, apime mzingo wa shina kwa kamba, aandike una majani au hauna, na nani anaishi juu yake: sisimizi, buibui, kiota cha kwera. Mwezi unaofuata anarudi palepale. Kwetu huku msimu wa mvua ni mmoja, unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, kwa hiyo mti wa Agosti na mti wa Januari ni kama miti miwili tofauti. Mtoto aliyeuacha mgunga wake ukiwa mifupa mitupu, kisha akaukuta umetoa majani machanga na mvua bado haijadondosha hata tone, atakuja kwenu anakimbia: umeyatoa wapi maji? Hapo ndipo somo linapoanza, na amelianzisha yeye.

Na swali hilo msilijibu haraka. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa watu wanaojitolea, kwa sababu tunakuja tukiwa na hamu ya kusema. Mwulizeni, "Wewe unadhani yametoka wapi?" Mnyamaze, hata kama kimya kitachukua muda. Nilikuwa na kijana mmoja darasa la tano, hapa Mpwapwa, ambaye kwa miezi minane sikuwahi kuisikia sauti yake. Siku tuliyotoka nje alichuchumaa peke yake kwenye kichaka, nikadhani anajificha. Kumbe alikuwa anatazama kirundo cha mavi madogo, meusi, mengine makavu na mengine mabichi. Nikamwuliza ni nini. Akasema, "Digidigi, Mwalimu. Wako wawili. Wanarudi hapa hapa kila siku." Akasimama akanionyesha kwenye ncha ya kijiti tone jeusi linalonata kama lami, akaniambia digidigi anapaka kwa jicho lake kuwaambia wenzake hapa ni kwangu. Yote ni kweli tupu. Tone lile hutoka kwenye tezi iliyo chini ya jicho. Yule mtoto alikuwa anachunga mbuzi tangu akiwa na miaka sita, na mimi darasani nilikuwa nimeshamweka kwenye kundi la wasioelewa. Nililia njiani wakati tunarudi, sioni aibu kusema.

Novemba ikifika, fanyeni hivi. Tafuteni mbuyu wenye matumba yanayokaribia kufunguka, mwende jioni, kila mtoto na mzazi wake. Mwaka jana tulikaa chini ya mbuyu mmoja huku kwetu tangu saa kumi na mbili, watoto 22, wazazi karibu idadi hiyo hiyo. Tumba la mbuyu linaning'inia kichwa chini kwenye kikonyo kirefu, la kijani iliyopauka, kubwa kama ndimu. Jua lilipogusa kilima, ncha ikaanza kupasuka. Mtoto mmoja akasema, "Linatetemeka!" Gamba la nje likajikunja kurudi nyuma, na petali tano nyeupe zikafunguka tukiwa tunaziona, kama mtu anayekunjua kitenge kipya. Katikati kulikuwa na nyuzi nyingi nyeupe zilizokusanyika kama pamba. Halafu ikaja harufu, nzito, yenye uchachu kidogo, wala si ya maua mnayoyajua. Giza lilipoingia popo wakaanza kupita. Popo hufuata maji matamu ya ua, chavua inamganda kifuani, anaipeleka kwenye ua la mbuyu mwingine, na ua lililopata chavua ndilo linalozaa. Komba naye huja. Watoto wale wote wananunua ubuyu mwekundu wa vifuko getini shuleni, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua kwamba ubuyu unaanzia kwa popo, yule yule tunayemtupia mawe. Kesho yake saa moja asubuhi walirudi wenyewe, bila kuitwa na mtu. Yale maua yalikuwa yameshaanza kugeuka kahawia.

Mwalikeni yule baba jioni ya namna hiyo. Mwekeeni kiti mbele.

Jambo jingine mnaloweza kufanya halihitaji hata shilingi. Chukueni kopo la maziwa ya unga, mkate pande zote mbili libaki bomba. Likandamizeni kwenye udongo chini ya mti penye majani yaliyooza, mmimine lita moja ya maji, watoto waimbe. Kisha fanyeni hivyo hivyo kwenye njia ya mbuzi, penye ardhi iliyokanyagwa. Sisi chini ya mgunga maji yaliisha hatujamaliza ubeti mmoja. Njiani tuliimba wimbo wote mara mbili, maji bado yanang'aa tu juu. Kimya kikatanda. Kisha msichana mmoja akasema, "Kwa hiyo mvua ikinyesha njiani inakimbia." Ndiyo, inakimbia, na inabeba udongo, inachimba korongo.

Hapo mzee mmoja kati ya hao wawili wenu aeleze habari ya bonde la Makutupora. Maji ya Jiji la Dodoma kwa miaka mingi yametegemea visima vya Mzakwe, kwenye bonde hilo. Kina cha maji ya chini ya ardhi pale kimepimwa tangu miaka ya 1950, na vipimo vinaonyesha kwamba maji hayo hayaongezeki sawasawa kila mwaka. Sehemu kubwa huingia katika misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98, halafu watu wanakunywa akiba hiyo kwa miaka. Mtoto aliyeshika lile kopo kwa mkono wake anaelewa kwa nini mwendo wa maji juu ya ardhi unamhusu hadi mtu anayefungua bomba mjini. Na kama mna watoto wenye ndugu Kongwa, waambieni habari ya mpango wa karanga wa Waingereza. Walianza mwaka 1947, wakafyeka vichaka kwa matrekta, mvua haikutosha, udongo ukakauka ukawa mgumu kama tofali, na ilipofika 1951 mpango wote ukafutwa.

Mwisho, visiki. Mkiwa na sehemu ya kilima iliyokatwa zamani, wafundisheni Kisiki Hai, njia ambayo wakulima wengi wa mkoa wetu wanaijua sasa. Kisiki kinachochipua kina mizizi ya mti mzima tayari, ndiyo maana kinauacha mche mbali. Mnachagua machipukizi machache yenye afya na yaliyonyooka, matatu hadi matano, mengine mnayapunguza kwa kisu kikali kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike, mnafunga kitambaa kuwa alama kwamba kina mwenyewe, na mnakilinda na mbuzi. Kisu akishike mtu mzima. Mtoto ndiye achague lipi libaki. Siku niliyomwona mjukuu wangu anafunga kitambaa chekundu kwenye chipukizi lenye urefu wa kidole, nilikaa chini.

Mengine kwa ufupi. Mtu mzima mmoja asishike watoto zaidi ya kumi. Ruhusa ya mzazi iwe ya maandishi, mwalimu mmoja wa shule awepo kila safari, na Kamati ya Maliasili ya Kijiji ijue siku na saa. Msitu wenu una nguvu kwa Sheria ya Misitu ya 2002 na sheria ndogo zilizopitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, kwa hiyo someni sheria ndogo hizo, mjue kama kuokota kuni au matunda kunaruhusiwa kabla hamjawafundisha watoto. Kuhusu posho hamkuuliza, lakini najua itakuja: semeni tangu sasa kwamba hakuna, na kwamba uji na karanga za siku hiyo vipo. Kikundi nilichokiona kikivunjika kilivunjika kwa sababu watatu walikuwa wanalipwa nauli kimyakimya.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mwezi uliopita mtoto alirusha jiwe kwenye mzinga ulioko msituni kwetu, nyuki wakatoka. Watoto sita waliumwa, mmoja akavimba uso. Wote ni wazima. Ila sasa mwalimu mkuu anasema hakuna tena kwenda msituni, na wengine wanaogopa nyoka. Je, tuache?
Mlinzi mstaafu, Mpwapwa

JIBU: Pole sana, na namshukuru Mungu watoto ni wazima. Msiache. Ila mwalimu mkuu ana dhamana ya watoto wa watu, kwa hiyo mrudieni mkiwa na utaratibu ulioandikwa, si maneno.

Mimi yalinikuta kama yenu miaka mingi iliyopita, nikiwa na watoto zaidi ya 60 na mwalimu mwenzangu mmoja tu. Kosa lilikuwa letu: hatukupita kwanza kukagua njia, na watoto walikuwa wengi mno kwa watu wazima wawili. Siku hizi siku moja kabla napita njia yote kwa mguu, na palipo na mizinga tunapita mbali. Wafundisheni watoto kabla ya kuondoka, na wafanye mazoezi wakiwa bado uwanjani: nyuki wakitoka hakuna kupunga mikono wala kupiga kelele, funika uso kwa shati, kimbia moja kwa moja kuelekea mlikotokea, usisimame mpaka uingie ndani ya nyumba au mpaka nyuki wakuache. Miiba itolewe upesi, maana inaendelea kumwaga sumu. Mtoto akivimba midomo, akikohoa au akishindwa kupumua vizuri, hapo ni hospitali mara moja, hakuna kusubiri kuona. Pikipiki ya mmoja wenu iwe tayari na mafuta tangu asubuhi.

Nyoka wa kuhofiwa zaidi njiani ni kifutu, kwa sababu hakimbii, analala tu mpaka akanyagwe. Viatu vilivyofunika mguu, fimbo mbele, na hakuna kuingiza mkono chini ya jiwe au kwenye tundu. Akiuma mtu, usichanje, usifyonze, usifunge kamba ya kubana. Mvue bangili na viatu, mlaze atulie, kile kiungo kisitikiswe, abebwe kwenda hospitali.

Wenye mizinga ile waombeni samahani kwanza, kisha mmoja wao aje awaeleze watoto kwa nini nyuki walikasirika. Huyo ndiye mwenye somo.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninasoma chuo kikuu hapa Dodoma, mwaka wa pili, nimetokea Dar es Salaam. Mimi na wenzangu sita tunataka kujitolea kwenye msitu wa kijiji ulio jirani. Tumefikiria kwenda siku moja kupanda miti 200, kuwapelekea watoto madaftari na kuwapiga picha ili kazi ya kijiji ijulikane. Nikiri kwamba sijui mti hata mmoja kwa jina. Tunafaa?
Mwanafunzi, Jijini Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Mnafaa, na barua yako imenipa moyo. Lakini huo mpango uwekeni pembeni, na nitakwambia kwa nini bila kukuficha.

Miche 200 iliyopandwa kwa siku moja na watu wanaoondoka jioni ni miche 200 isiyo na mtu. Mvua inakoma Aprili. Kutoka hapo mpaka mwishoni mwa Novemba ni miezi saba ya jua na upepo, na mbuzi wanaotafuta chochote cha kijani. Mkoa wetu umepandwa miti mara nyingi, kwenye kampeni na kwenye sherehe, nami nimeshika jembe kwenye baadhi ya siku hizo nikiwa na wanafunzi wangu. Tulipopita Septemba tulikuta vijiti. Watoto waliviona pia, na walichojifunza ni kwamba watu wazima wanapanda ili wapigwe picha. Ukitaka kupanda, panda mitano na urudi kuitazama Juni, Agosti na Oktoba.

Madaftari msigawe safari ya kwanza. Mtoto akishazoea kwamba mgeni anakuja na mfuko, ataangalia mfuko badala ya mti. Picha za watoto, hapana, mpaka mzazi na shule waruhusu, na hata hapo si ya kila mtoto wala si ya kutundika mtandaoni pamoja na jina la shule.

Nenda kwanza kwa mtendaji wa kijiji, ujitambulishe. Kisha mwambie jambo unaloweza kweli: unajua kuandika, unajua kupanga taarifa, una simu inayorekodi sauti. Kijiji kile kina wazee wanaojua kila mti kwa Kigogo, unatibu nini, unafaa mpini gani, maua yake yanatoka kabla ya mvua au baada, na mnyama gani anakula tunda lake. Hayo hayajaandikwa popote, na kila mwaka tunazika kadhaa wa wanaoyajua. Kaeni na mzee mmoja na watoto watatu. Watoto waulize, mzee aeleze, wewe andika. Mti mmoja kwa siku unatosha. Mkifika kwenye mbuyu utaandika "mpela", utaandika mzee alivyosema juu ya magome yake na majani yake yanavyosagwa kuwa mlenda, na mtoto atauchora. Baada ya mwaka shule itakuwa na daftari la msitu wake, kwa mwandiko wa watoto wake.

Kutojua kwako kutasaidia kuliko unavyofikiri. Mtoto wa kijijini anayemfundisha mtu wa chuo kikuu jina la mti hurudi nyumbani na kichwa juu. Ila usijifanye hujui. Kwa bahati nzuri wewe huna haja ya kujifanya.

Tengenezeni pia kipima mvua. Chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, ikatwe juu, kile kichwa kigeuzwe kiwe faneli, chini jazeni maji au saruji mpaka pawe bapa ndipo muanze kupima. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Wapigieni watoto hesabu ya bati la darasa lao: mita za mraba 100, mvua ya milimita 10, lita 1,000 zimepita kwenye bati na kumwagika uani. Mwalimu wa hisabati atawapenda. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 unasisitiza mtoto aweze kutenda, siyo kukariri tu, kwa hiyo mkimpelekea mwalimu mambo haya mnampunguzia kazi.

Mwisho, njooni mwaka mzima au msije. Watatu wanaorudi kila mwezi ni bora kuliko saba wa siku moja.

SWALI: Mwalimu, nimemwambia mjukuu aandike kwa niaba yangu. Mimi ni mfugaji, Wilaya ya Bahi. Kijiji kilitenga msitu, sawa, nilikuwepo kwenye mkutano, nilinyoosha mkono. Lakini sasa wanakuja watu wa kujitolea kuwafundisha watoto huko. Mjukuu wangu amerudi nyumbani akaniambia, "Babu, ng'ombe ni adui wa msitu." Juzi watoto wa shule walifukuza ndama wangu kwa mawe huku mtu mzima akiwatazama. Mimi nimekula nini maisha yangu yote kama si ng'ombe? Na ada ya huyu mjukuu inatoka wapi?
Mfugaji, Bahi

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Walichokifanya kwa ndama wako ni kosa, na ningekuwa mimi niliyekuwa na watoto wale ningekuja kwako kuomba radhi. Ulinzi wa msitu ni kazi ya Kamati ya Maliasili na walinzi wake, kwa utaratibu wa sheria ndogo. Mtoto hafukuzi mfugo wa mtu na wala hatumwi kumkamata jirani. Mjukuu wako asome ulichomwandikisha mbele ya kikundi kile. Naomba hivyo kwa dhati.

Nikuambie na yangu. Mwaka 1979 nilikuwa na miaka 11, Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulikuwa umeanza mwaka 1973, na mwaka ule wa 1979 ikaamuliwa mifugo yote itoke kwenye eneo lililomomonyoka, kilometa za mraba 1,256. Watu tulibaki, ng'ombe wakaondoka. Baba aliwaswaga wa kwetu kwenda kwa ndugu, mbali, akarudi baada ya siku tano bila kusema neno. Nakumbuka asubuhi zizi lilivyokuwa kimya. Harufu ya samadi ilibaki wiki kadhaa halafu nayo ikaondoka. Mama akaanza kununua maziwa ya mdogo wangu. Na nakumbuka pia kwamba baada ya misimu michache yale makorongo mekundu, ambayo sisi watoto tulikuwa tunateleza ndani yake, yalianza kuota nyasi kingoni, kisha vichaka, hadi hatukuweza tena kuteleza. Nikiwafundisha watoto habari ya Kondoa nawapa yote mawili, nyasi zilizorudi na baba aliyenyamaza. Na nawaambia kwamba ng'ombe hawakuimaliza ardhi ile peke yao. Mashamba yalikuwa yamepanda mpaka kwenye miteremko, na tangu ukoloni vichaka vilifyekwa kwa sababu ya mbung'o.

Ng'ombe siyo adui wa msitu. Ng'ombe wengi mno, mahali pamoja, wakati usiofaa, hilo ni jambo jingine, na hakuna anayelijua kuliko mfugaji. Wasukuma wanafunga malisho yao na kuyaita ngitili, Wamasai wana alalili ya ndama, nyasi zinatunzwa mpaka kiangazi kikali. Hiyo ni hifadhi, na wafugaji waliifanya bila kufundishwa na mtu.

Ndiyo maana nakuomba, mzee wangu, uende wewe msituni siku watoto wanapokwenda. Siyo kulalamika, umeshalalamika na nimesikia. Nenda uwafundishe. Wapitishe mahali ng'ombe walipolishwa kupita kiasi na mahali walipolishwa kwa kiasi, waonyeshe tofauti kwa kidole. Nitawaandikia wale watu wa kujitolea, kama utaniruhusu kupitia kwa mjukuu, wakupangie Jumamosi yako.

Na mwambie akuandikie na kitu kimoja kwa ajili ya ukurasa huu: majina ya nyasi tano ambazo ng'ombe wako huzikimbilia kwanza mvua ikianza, kwa lugha unayoiitia. Nitayachapisha kama yalivyo.